Karatasi itokayo kinamasini: mafunjo, taulo za kike na kazi ya mikono kusini-magharibi mwa Uganda

Pembezoni mwa Ziwa Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro kusini-mashariki mwa Mbarara, huota mmea mrefu wenye kichwa kama ufagio, ambao wakazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale huutumia zaidi kwa kusuka mikeka na kuezeka vibanda. Mmea huo ni mafunjo. Katika maduka ya Misiera, mojawapo ya sehemu za makazi hayo, daftari la mwanafunzi, boksi la sabuni, mfuko wa kaki na pakiti ya taulo za kike huja kwa lori, aghalabu kutoka Kampala kupitia Mbarara, na gharama ya safari hiyo hulipwa na mnunuzi wa mwisho. Ni rahisi kusahau kwamba mmea ule na bidhaa hizi ni wa ukoo mmoja.

Takriban miongo miwili iliyopita, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere alionyesha kwamba mafunjo yanaweza kugeuzwa kuwa karatasi laini, na karatasi hiyo ikawa taulo za kike zinazotengenezwa na wakimbizi wenyewe, bila kiwanda kikubwa na kwa umeme kidogo sana. Makala hii inaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, ilikoanzia, na mambo yanayoweza kuikwamisha.

Jina moja kutoka Misri hadi Isingiro

Wanaozungumza Kiswahili husema mafunjo. Wanyankole huita kinamasi cha mmea huo orufunjo, na wanaozungumza Kinyarwanda husema urufunzo. Mkimbizi aliyetoka Rwanda, jirani yake Mnyankole na mfanyabiashara aliyetoka Kongo hawahitaji mkalimani wanapolitaja jambo hili, jambo lisilo la kawaida katika makazi yenye lugha nyingi kama Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda na ambayo leo yana watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na kwingineko.

Neno karatasi nalo lina asili ileile. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, qirtas, neno linalopatikana hata katika Qurani, kwenye sura ya Al-An'am. Na Kiarabu kwa upande wake kilirithi neno la Kigiriki lililomaanisha jani la kuandikia lililotengenezwa kwa mafunjo ya Misri. Wakongomani waliosoma kwa Kifaransa wanaotumia neno papier wanataja mmea huohuo kwa njia nyingine, kwani neno hilo limetokana na papyrus, jina la Kigiriki na Kilatini la mafunjo.

Hata hivyo, jani la kuandikia la Wamisri wa kale halikuwa karatasi kwa maana ya leo. Mafundi wa Misri walimenya bua, wakakata kiini chake cheupe kuwa vipande vyembamba, wakavipanga safu mbili zinazokingamana na kuvigandamiza hadi vikashikana. Bua lilibaki bua, ila limebanwa. Karatasi halisi huanza pale mmea unapovunjwavunjwa hadi nyuzinyuzi zake zitengane, zielee ndani ya maji, kisha zikusanywe upya juu ya wavu. Ufundi huo ulikuzwa China. Masimulizi ya huko humtaja Cai Lun, afisa wa ikulu, mnamo mwaka 105. Uliwafikia Waislamu huko Samarkand katika karne ya 8, na ndani ya karne chache karatasi ya nguo kuukuu ikayafuta mafunjo katika nchi yake yenyewe ya Misri.

Pwani ya Waswahili iliandika sana lakini kwa karatasi ya wageni. Misahafu maarufu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne za 18 na 19, iliandikwa kwa sehemu kubwa juu ya karatasi za Ulaya zenye alama ya maji ya miezi mitatu, zilizotengenezwa Italia kwa ajili ya masoko ya Waislamu. Mwandishi alikuwa wa hapa, kalamu ya hapa, wino pengine wa hapa, na karatasi ya Italia. Utegemezi huo una umri mrefu kuliko wengi wanavyodhani.

Viwanda vikubwa na majaaliwa yake

Baada ya uhuru, serikali za Afrika Mashariki zilijaribu kuuvunja. Kenya ilijenga kiwanda cha Pan African Paper Mills huko Webuye, kilichoanza uzalishaji mwaka 1974 kwa kutumia miti ya misitu iliyo karibu. Tanzania ikafuata na kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, katika miaka ya 1980. Cha Mgololo kilisimama katika miaka ya 1990, na cha Webuye kikafungwa mwaka 2009. Vyote viwili viliangukia baadaye mikononi mwa kampuni za kundi la Rai la Kenya, ambalo limevifufua kwa viwango tofauti.

Sababu za kuanguka kwao ni nyingi, lakini moja inahusu moja kwa moja mtu anayefikiria kutengeneza karatasi Isingiro. Kiwanda cha karatasi ya miti hutumia kemikali kali na joto ili kuyeyusha lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti pamoja na kuufanya uwe mgumu. Kazi hiyo huhitaji mvuke, umeme usiokatika, maji mengi sana, na mtambo wa kurejesha kemikali zilizotumika, la sivyo mto wa jirani huwa mweusi na wenye harufu. Mtambo wa namna hiyo haulipi ukifanya kazi nusu siku. Ukubwa wake, ambao ndio unaoshusha bei, ndio pia unaouua siku umeme unapokuwa ghali au miti inapopungua.

Mafunjo hayana ubishi wa mti. Kiini chake ni chepesi na kimejaa vijumba vya hewa. Ndiyo maana bua huelea, na ndiyo maana hunyonya maji. Kwa karatasi ya kuandikia, sifa hiyo ni kasoro, kwa kuwa wino husambaa. Kwa taulo ya kike, ni sifa inayotafutwa.

Mhandisi na swali aliloulizwa

Moses Kizza Musaazi alikuwa mhadhiri mwandamizi wa uhandisi wa umeme huko Makerere, na alijulikana pia kwa kazi yake kuhusu matofali ya udongo yanayofungamana bila kuchomwa, ambayo yalikusudiwa kuokoa kuni. Mwaka 2003, wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulimkabili na tatizo la wasichana wanaokosa shule wakati wa hedhi kwa sababu hawawezi kumudu taulo za kununua. Kilichotakiwa ni taulo ya bei nafuu. Musaazi aliangalia kile kinachopatikana Uganda kwa wingi na bila malipo makubwa, akafika kwenye mafunjo na karatasi taka za ofisini.

Bidhaa iliyotokana na majaribio yake iliitwa MakaPads. Jina hilo linafupisha maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya hedhi, usimamizi, maarifa na unafuu wa bei. Kampuni yake, Technology for Tomorrow, ilitengeneza taulo hizo Kampala, katika eneo la Kawempe, na vilevile katika makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, wilayani Kyegegwa, yaliyofunguliwa mwaka 1983 na ambayo wakazi wake wengi wanatoka Kongo. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, ndilo lililokuwa mnunuzi mkubwa, likizigawa kwa wanawake na wasichana katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Bei yake ilitajwa kuwa takriban nusu ya ile ya taulo zilizoagizwa kutoka nje.

Kuna jambo la kutazama kwa makini hapa. Karatasi taka zilizotumika zilikuwa, kwa sehemu, zile zilizotoka katika ofisi zenyewe. Maisha ya mkimbizi hutawaliwa na karatasi: fomu ya usajili, cheti cha familia, kadi ya mgao, barua ya rufaa ya hospitali. Nakala za ziada za makaratasi ya namna hiyo, zikishatumika, ziliweza kuishia ndani ya ndoo ya maji na kurudi kwa mwanamke zikiwa katika umbo linalomfaa zaidi.

Kutoka bua hadi pakiti

Kazi huanza kwa kukata mabua kinamasini na kuyabeba yangali mabichi. Ganda la kijani la nje humenywa, kwani ni gumu na halinyonyi vizuri. Kiini kinachobaki hupondwa hadi nyuzi zake zitengane. Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote, na yeyote aliyewahi kutwanga sombe au mahindi anaielewa bila maelezo: kishindo kikubwa hakitakiwi, kinachotakiwa ni kurudiarudia hadi mkono uhisi kwamba hakuna tena kipande kizima.

Kando yake, karatasi taka huchanwa na kulowekwa. Karatasi ikilowa kwa muda wa kutosha hurudi kuwa rojo, yaani nyuzi zinazoelea, kwa kuwa kinachozishikanisha ni mvuto mdogo kati ya nyuzi na nyuzi ambao maji huulegeza. Ndiyo sababu karatasi iliyopakwa plastiki au nta haifai, maji hayapenyi. Pini za stepla nazo lazima ziondolewe zote, kazi ya subira ambayo wasimulizi wa teknolojia nafuu hupenda kuiruka.

Rojo la mafunjo na rojo la karatasi huchanganywa. Mafunjo huleta unyonyaji, karatasi huleta ushikamano. Mchanganyiko huo humiminwa na kutandazwa kwenye fremu zenye wavu, maji yakachuruzika, kisha fremu huanikwa juani. Katika ukanda wa Isingiro, ulio na mvua haba kuliko sehemu nyingi za Uganda, jua ni mtaji halisi. Msimu wa mvua nao ni adui halisi: karatasi inayochelewa kukauka huota ukungu, na karatasi yenye ukungu haiwezi kuwa taulo ya kike kwa namna yoyote ile.

Jani likikauka huwa gumu kama kadibodi nyembamba. Hapo huja hatua ya kulainisha, kwa kulisugua na kulipitisha kwenye vyombo vya mkono hadi nyuzi zilegee bila kuachana. Ndipo hukatwa kwa kipimo, hupangwa kwa tabaka, huwekewa chini ngozi nyembamba ya plastiki ya kuzuia uvujaji, na kufungwa ndani ya kitambaa laini kisichofumwa, ambacho kingo zake hubanwa kwa joto. Plastiki na kitambaa hicho ndizo sehemu ambazo mafunjo hayawezi kuzizalisha. Mwisho, taulo huwekwa chini ya taa ya miale ya urujuanimno ili kuua vijidudu, ndipo hutiwa katika pakiti na kufungwa.

Faida ya mpangilio huu kwa makazi ya wakimbizi ni kwamba karibu kila hatua ni ajira. Mashine ingefanya kazi ya watu kumi na kumlipa fundi mmoja anayekuja kutoka Kampala kuitengeneza. Hapa mwenye kukata, mwenye kumenya, mwenye kuponda, mwenye kuanika, mwenye kubana kingo, kila mmoja ana ujira wake. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara, jambo ambalo nchi nyingi zinazopokea wakimbizi haziruhusu. Umuhimu wa haki hiyo umeonekana zaidi tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipoanza kuzigawa familia kwa makundi ya uhitaji kutokana na uhaba wa fedha, na zaidi tena mwaka 2025 watu wapatao milioni moja nchini Uganda walipoondolewa katika mgao.

Je, taulo humrudisha msichana darasani?

Swali hili hujibiwa haraka mno na wengi. Takwimu isemayo kwamba msichana mmoja kati ya kumi barani Afrika hukosa shule kwa sababu ya hedhi imerudiwa katika ripoti na hotuba nyingi kuliko ushahidi unaoibeba. Utafiti ulio makini zaidi nchini Uganda ulifanyika katika Wilaya ya Kamuli na kuchapishwa mwaka 2016, ukihusisha wasichana 1,124 katika shule 8. Baadhi ya shule zilipewa taulo za kitambaa zinazofuliwa, nyingine mafunzo kuhusu kubalehe, nyingine vyote viwili, na nyingine hazikupewa kitu. Mahudhurio yalikuwa bora kwa takriban asilimia 17 katika shule zilizopata msaada wowote kati ya hiyo kuliko katika zile ambazo hazikupata.

Lakini mafunzo peke yake yalionekana kusaidia karibu sawa na taulo. Msichana anayejua kinachotokea mwilini mwake, na ambaye wavulana wa darasa lake wamefundishwa kutomcheka, tayari ana sababu moja pungufu ya kubaki nyumbani. Yule aliyeweka neno maarifa ndani ya jina la MakaPads alikuwa ameliona hilo mapema.

Suala hili limefika pia Bungeni. Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2016, Rais Yoweri Museveni aliahidi taulo za bure kwa wanafunzi wa kike. Mapema mwaka 2017, Waziri wa Elimu, Janet Museveni, aliwaeleza wabunge kwamba fedha hazikuwapo. Msomi wa Makerere, Stella Nyanzi, alianzisha mchango wa umma wa kununua taulo, na maneno makali aliyoyaandika mtandaoni wakati huo yalimfikisha kizuizini mwezi Aprili mwaka huohuo. Kilichobaki baada ya kelele kutulia ni swali la bei, na bei ni swali la malighafi, kodi na usafiri.

Kinamasi nacho kina mwenyewe

Kwa mtazamaji wa kawaida, mafunjo ya Nakivale yanaonekana kutokuwa na mwisho wala mwenyewe. Yote mawili si kweli. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba maziwa ya asili, mito na maeneo oevu hushikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Mfumo wa ardhi oevu wa maziwa ya Mburo na Nakivale uliorodheshwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo ya aina hiyo. Mto Rwizi, unaokata katikati ya Mbarara na kuupa mji maji, huelekea mashariki kwenye mfumo huohuo wa maziwa na vinamasi, na kwa miaka mingi umekuwa ukilalamikiwa kwa kupungua na kujaa matope kadiri kingo zake zinavyolimwa.

Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu maeneo oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinatofautisha matumizi mawili. Kukata mafunjo kwa mahitaji ya nyumbani, kama mkeka au paa, ni desturi inayoruhusiwa. Kukata kwa ajili ya biashara huhitaji kibali. Kikundi cha akina mama kinachoanza na mikeka kumi na kuishia na mkataba wa maelfu ya pakiti kinavuka mpaka huo, mara nyingi bila kujua, na siku afisa wa mazingira anapofika, nia njema haitakuwa kibali.

Kwa mmea wenyewe, habari si mbaya. Mafunjo hukua haraka kuliko karibu mimea mingine yote ya kinamasi, hufikia mita 4 hadi 5, na yakikatwa huchipuka tena kutoka kwenye mizizi yake inayotambaa majini, yakikaribia kimo chake cha awali ndani ya takriban mwaka mmoja. Sharti ni moja: yapewe mwaka huo. Yakikatwa mara kwa mara yanadhoofika, na mahali pake huingia majani mengine au shamba. Mkata mafunjo mwenye busara kwa hiyo hugawa eneo lake vipande, akakata kimoja na kuviacha vingine, na huwa na sababu ya kutaka kinamasi kibaki. Mlimaji wa viazi aliyekikausha hana sababu hiyo. Hii pengine ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kutetea kazi ya karatasi kando ya ziwa, ingawa watetezi wake huitaja kwa nadra.

Mbarara: kukata, kukunja na kubandika

Si kila kazi ya karatasi huanza na rojo. Kazi nyingi za karatasi mjini, kuanzia vibanda vya kupiga chapa na kutoa nakala hadi viwanda vya uchapaji, ni za kumalizia: kuchukua karatasi iliyokwisha kutengenezwa na kuipa umbo. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ina shule nyingi na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, na miji ya wanafunzi hula karatasi kama moto.

Anayetaka kuingia katika kazi hii hufaidika kwa kujua hesabu moja ndogo. Karatasi za kipimo cha A hutokana na jani moja kubwa, A0, lenye eneo la mita moja ya mraba. Likikunjwa katikati huwa A1, tena A2, na kuendelea. Uwiano wa urefu na upana haubadiliki kamwe. A4, yenye milimita 210 kwa 297, ni moja ya kumi na sita ya jani hilo. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa gramu 80 ina uzito wa gramu 5 kwa kila jani la A4, na rimu ya majani 500 lazima iwe na kilo 2 na nusu. Mwenye mizani ya dukani anaweza kutambua mara moja kama rimu aliyouziwa kuwa ya gramu 80 ni ya gramu 70, au kama majani yamepunguzwa. Wanaodanganywa zaidi ni wanunuzi wadogo, ambao hawana desturi ya kupima kitu kilichofungwa vizuri.

Daftari halina siri kubwa. Majani yaliyopigwa mistari hukusanywa pamoja na jalada la karatasi nene, hukunjwa katikati, hupigwa pini mbili kwenye mkunjo, ndipo kingo tatu hukatwa kwa pamoja ili zilingane. Ukataji huo wa mwisho ndio unaotofautisha daftari la dukani na la kujitengenezea, kwani majani ya ndani hujitokeza nje kila yanapokunjwa, na kisu cha kawaida hakiwezi kuyanyoosha yote kwa mara moja.

Mfuko wa karatasi ni rahisi zaidi, na historia yake ya karibuni ina mfano unaojulikana. Mwaka 2008, Andrew Mupuya, kijana wa Uganda aliyekuwa na umri wa miaka 16, alianza kutengeneza mifuko ya karatasi kwa mkono baada ya kusikia habari za mpango wa kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Alipata sehemu ya mtaji wake wa shilingi 36,000 kwa kuuza chupa za plastiki zilizotumika, na nyingine alikopeshwa na mwalimu wake. Mwaka 2012 alitunukiwa tuzo ya Anzisha, inayotolewa kwa wajasiriamali vijana wa Afrika, yenye thamani ya dola 30,000.

Mupuya alifanikiwa licha ya sheria kuliko kwa sababu yake. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na ikasimamia kauli yake. Kenya ikafuata mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Uganda ilipitisha marufuku ya mifuko myembamba mwaka 2009, lakini kaveera, kama inavyoitwa huko, bado inapepea sokoni hadi leo. Mwenye kutengeneza mfuko wa karatasi Misiera anashindana na kitu kinachotolewa bure. Wateja wake wa uhakika ni wale ambao plastiki haiwafai: duka la dawa, muuza unga, mwenye mkate wa moto. Kwa mandazi na chapati, mfuko mpya wa kaki ni salama kuliko ukurasa wa gazeti au wa daftari la hesabu, kwa sababu wino wa uchapaji haukutengenezwa kuliwa na mafuta huuchukua kwa urahisi.

Yanayotakiwa kabla ya kuanza

Kwa kikundi kinachokusudia kutengeneza mifuko, bahasha au kadi, mahitaji ni machache: karatasi, rula ya chuma, kisu kikali, meza iliyonyooka na uji mzito wa unga wa muhogo kwa gundi. Kadi za karatasi ya mafunjo, zenye nyuzi zinazoonekana kwa macho, hupendwa na wageni na hazihitaji ulaini wala usafi wa kitabibu. Ndizo mazoezi mazuri ya kwanza kwa mikono isiyowahi kushika fremu ya wavu.

Taulo za kike ni jambo jingine. Ziko chini ya kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 96, kinachotaja mambo kama unyonyaji, ulaini na usafi wa vijidudu, na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, ndilo linalopima na kutoa alama ya ubora. Bila alama hiyo, hakuna shule wala shirika litakalonunua kwa mkataba, na uzoefu wa Kyaka II unaonyesha kwamba mkataba wa mnunuzi mmoja mkubwa ndio uliokuwa uti wa mgongo wa kazi yote. Kibali cha mazingira, sampuli kwa UNBS na barua ya mnunuzi hutafutwa kwa wakati mmoja, na vyema vitangulie ununuzi wa taa ya urujuanimno, kwa kuwa taa hiyo, tofauti na mafunjo, haioti tena ikishaharibika.